Valvu Isiyorudisha Maji

Kinyozi hajinyoi, na fundi bomba huyu alikuwa vivyo hivyo. Nyumba za watu alizitengeneza zikatengemaa. Kwake mabomba yaligonga ukutani mwezi mzima, go-go-go, hata koki zote zikiwa zimefungwa. Mkewe, mjamzito wa miezi saba, alikosa usingizi akabaki macho tu.

"Fundi wa watu," akamwambia, "leo na mimi ni mteja. Unanisikia?"

Fundi akacheka, akakaza geji ya kupimia presha kwenye koki ya uani. Presha ya mtaa wao aliijua: tatu. Mshale ukapanda hadi saba. Kisha ukashuka, ukapanda, ukashuka, taratibu, kama mtu anayepumua usingizini.

"Wewe, napima! Nimesema usifungue maji huko ndani!"

"Mbona niko hapa?" mkewe akajibu, nyuma yake.

Tone lililovuja kwenye geji lilinukia udi.

"Hiyo siyo presha, mume wangu," akanong'ona. "Tumwite mganga."

"Mganga wa mabomba ni mimi," alisema, akachukua spana.

Akaunga valvu karibu na mita, ile inayopunguza presha, inayoruhusu maji kuingia na kuyazuia yasirudi mtaani. Mshale ukatulia kwenye tatu. Nyumba ikawa kimya. Mkewe akaenda kuoga, akiimba.

Hakufikiri jambo moja tu: kile kilichokuwa kikija na kurudi zake sasa kilikuwa ndani, na hakikuwa na pa kutokea.

Mshale ukaanza kupanda. Tano. Nane. Ukafika kumi, mwisho wa geji, kuta zikatetemeka, harufu ya udi ikamjaa fundi puani, wimbo bafuni ukakatika katikati ya neno, na ndani ya bomba, karibu na goti lake, sauti isiyo ya mwanamke wala mwanamume ikasema bila haraka, "Umenizibia njia. Nifungulie niende."

Akaugonga mlango wa bafu. "Mke wangu! Jamani, nijibu!" Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Aliogopa mpaka spana ikamponyoka mara mbili, lakini roho ya mkewe na ya mwanawe aliziogopea zaidi, basi akarudi mbio, akaing'oa valvu, akaliunga bomba kama lilivyokuwa huku maji yakimlowesha, na chini ya kiganja chake kitu kizito, chenye joto, kikapita kuelekea barabarani.

Komeo la bafu likafunguka lenyewe.

Kanga ilining'inia msumarini. Sakafu ilikuwa kavu. Hapakuwa na mtu.

Fundi akalala chini, akaweka sikio kwenye bomba. Humo ndani mkewe alikuwa akimwita kwa jina lake, na sauti ilizidi kwenda mbali, kuelekea barabarani.