Bakuli la Ambrose Tuckwell

Waliokuwapo kwenye sufuria ya uji wa mgao asubuhi ile ni hawa. Humfrey Dobbe, mpishi wa ngome, mwenye upawa. Marjory Pask, mkunga, mwenye mabakuli mawili: lake na la dada yake Annis. Peter Wenman, mtumishi wa Kapteni Everard Yelland, akiwa na bakuli la bwana wake, kwani Kapteni alisemekana kuwa na homa na hakutoka nje. Na Sisley Tuckwell, mwenye mabakuli matatu ya mbao: lake, la binti yake Joane, na la mumewe Ambrose.

Ambrose hakuwapo. Alikuwa amelala chini ya sakafu ya udongo ya kibanda chake tangu kabla ya Krismasi. Sisley alimzika mwenyewe, kimyakimya, ili Joane ale uji wa watu wawili. Kapteni alikuwa ametangaza kwamba atakayechukua chakula kisicho chake atanyongwa.

"Mumeo anaendeleaje?" Dobbe aliuliza.

"Yu hai. Homa tu."

"Mgonjwa gani huyu asiyekosa uji! Anakula kuliko farasi."

"Farasi tulishawala, Humfrey," alisema Marjory.

Dobbe akayajaza mabakuli yote matatu.

Nyumbani Sisley aliweka bakuli la Ambrose mbali kidogo na moto, uji upoe Joane aule, akageuka kuongeza kuni. Alipotazama tena, lilikuwa tupu. Ilikuwa hivyo tangu theluji ya kwanza. Panya hawakuwapo, nao walikwisha kuliwa.

"Baba ana njaa," alisema Joane. Mikono yake ilikuwa myembamba kama vijiti vya kuwashia moto.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Anasema unamwita kila siku."

Ndipo Sisley akasikia kijiko kikikwangua mbao, polepole, chini ya miguu yake, na harufu ya msonobari uliokatwa sasa hivi ikapanda kutoka ardhini, harufu ileile aliyokuwa akirudi nayo Ambrose kutoka kwenye kazi yake ya kupasua mbao, ikajaa kibandani mpaka ikafunika ile ya moshi, na kijiko kikaendelea kukwangua, mchana kweupe, kama mtu aliyemaliza chakula na bado anangoja.

Alimwita Marjory. Mkunga alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni.

"Umemzika hapa."

"Ndiyo."

"Na kila asubuhi unasema nini kwenye sufuria?"

"Nasema yu hai."

"Basi amekusikia."

"Mfukuze, Mama Pask. Nakuomba."

"Mimi? Aliyemwita ni wewe. Kaseme amekufa, palepale uliposema yu hai."

"Watanitia kitanzi! Joane nitamwachia nani?"

Marjory alijifuta udongo shavuni. "Ukinyamaza, utamwachia huyu aliye chini."

Kesho yake Sisley alikwenda kwenye sufuria na mabakuli yale yale matatu. Hakulia, hakuwa amelia hata siku ya kumzika. Aliliinamisha la tatu kwenye theluji, mdomo chini.

"Ambrose amekufa. Kabla ya Krismasi."

Upawa wa Dobbe ulibaki hewani. "Unajua Kapteni alisema nini."

"Najua."

Marjory akatoa bakuli chini ya aproni yake, akaliinamisha kando ya lile la Ambrose. "Na dada yangu Annis. Wiki ile ile."

Dobbe aliwatazama wote wawili, kisha akamgeukia Wenman. "Haya, Peter. Nenda kamwambie bwana wako. Sitaki kamba hiyo iwe shingoni mwangu."

Wenman hakwenda. Mlango wa nyumba ya Kapteni ulikuwa umefungwa nyuma yake, na wote wakasikia, kutoka ndani, kijiko kikikwangua mbao, polepole. Wenman alilitazama bakuli alilolishika, akainama, akaliweka mdomo chini pamoja na mengine.

"Kapteni Yelland amekufa," alisema.