Kidole cha Kirezi

Hasira ndiyo iliyowakutanisha, kwa hiyo mtu asishangae kwamba hasira hiyo hiyo nusura iwaachanishe.

Siku ile soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, lilikuwa limefurika watu, na pale barabarani kabaza ilikuwa imebaki moja tu, baiskeli ya abiria, ya viraka, yenye kiti cha sponji. Kirezi alikuwa ameshika kiti. Lucien alikuwa ameshika usukani. Kirezi, binti wa Kirundi, kitenge cha kijani kimemkaa kiunoni, mfuko wa unga wa nsima kichwani. Lucien, kijana wa Bukavu, shati jeupe lililopigwa pasi kama la bwana harusi, na futi ya kushonea ingali shingoni.

"We kijana, mi njo nilianza kumuita!"

"Ulimuita na mdomo, dada. Mi nilimukamata na mukono."

"Basi kamata na hii!"

Akamsukumia mfuko wa unga kifuani. Unga ukamwagika, shati na suruali vikawa rangi moja. Watu walicheka. Lucien naye akacheka, na Kirezi akazidi kukasirika, maana mtu ukimtukana halafu yeye anacheka, unabaki na matusi yako mkononi. Mwenye kabaza alichoka kuwangoja, akaenda zake. Lucien akaubeba unga uliobaki kwa miguu mpaka kwa mama yake Kirezi.

"Ni muzito huu," alisema mlangoni.

"Ungeacha kabaza yangu, usingeujua uzito wake."

Mapenzi yao yalianzia hapo, na hayakupoa. Lucien alikuwa mkataji vitambaa kwa Maman Antoinette, mwenye karakana ya sare za shule kule Area 23, Lilongwe. Mashine moja ilipobaki bila mtu, alimpigia magoti yule mama mpaka Kirezi akapewa nafasi. Kirezi akapanga chumba mtaa wa Chinsapo, akamwacha mama yake kambini chini ya macho ya jirani.

Siku ya kwanza Maman Antoinette alimpokea kwa maneno haya: "Mwezi wa kwanza ni wa kupimana. Siku moja usikose. Ukigonjwa, sawa, ugonjwa ni wa Mungu. Lakini mambo ya Dzaleka, ati leo wanagawa, kesho wanahesabu, sitaki kuyasikia humu. Yule wa mbele yako nilimufukuza juu ya ile."

Na huyo Maman Antoinette alikuwa amelala Dzaleka miaka minane! Tangu atoke huko hakutaka hata kulitaja jina lake. Kirezi alilimeza lile onyo, akakaa kwenye mashine.

Siku ya tisa ujumbe ukaja: kesho mgao wa chakula kambini. Mama yake, mzee Nizigama, ana miguu iliyovimba, hawezi kusimama kwenye mstari. Kwenye karatasi yao wameandikwa watu wawili, na kidole kilichosajiliwa kwenye mashine ni cha Kirezi. Kidole kisipoonekana mezani, mwezi mzima mama hana kitu. Sasa afanye nini? Aende, apoteze kazi. Asiende, mama alale njaa.

Alifikiri amwambie Lucien. Lakini Lucien hajui kudanganya. Akijaribu tu, mkono unapanda wenyewe na kushika sikio, na kwaya nzima ya kanisani kwao inajua hivyo. Kirezi akaona heri abebe uongo wake peke yake. Alfajiri, akiwa tayari amesimama barabarani na viatu vyake vizuri, akapiga simu kwa sauti ya kukwaruza.

"Maman, malaria imenikamata."

"Pole sana, binti yangu. Kunywa dawa, ulale. Kazi itakungojea."

Yule mama alisema kwa upole mpaka Kirezi akajichukia, na njia nzima ya kwenda Dzaleka alikuwa akijitukana kwa Kirundi.

Mchana, jua likiwa limekaa utosini na mbele yake mstarini wakiwa wamebaki watu kumi na wawili, simu ikalia.

"Chérie, uko wapi?"

"Niko kitandani, chouchou. Natetemeka."

"Kitandani?"

"Kitandani, na blanketi mbili. Juu ya nini unaniuliza kama polisi?"

Hapo ikaingia sauti nyingine, ile ya kuamrisha mashine kumi zinyamaze.

"Kitanda gani, binti? Kitanda chako niko nakiangalia hapa kwa dirisha. Kimetandikwa vizuri, hakina mutu."

Yesu! Kirezi alisahau jambo moja ambalo hata mtoto wa kambini analijua: kwa watu wake, mgonjwa haachwi peke yake. Lucien alikuwa ametangaza ugonjwa wa mpenzi wake kwa machozi. Maman Antoinette akafunga karakana, akapika uji, akakusanya wanawake wanne wa kwaya, wakaenda Chinsapo pamoja na Lucien, na thermos na machungwa. Walipobisha bila kujibiwa, wakaogopa kwamba amezimia ndani. Na Lucien akampigia, akaweka haut-parleur, sauti itoke nje ili wote wamwombee, huku Maman Antoinette akichungulia dirishani. Kwa hiyo ule uongo wa blanketi mbili wote waliusikia, neno kwa neno.

"Kirezi," Lucien alirudi, sauti imekauka. "Nasikia banaume wanaongea. Uko na nani?"

Angesema. Neno moja tu, Dzaleka, lingetosha. Lakini lile swali lilimchoma. Yeye amesimama juani tangu asubuhi kwa ajili ya mama yake, na mwanaume wake anamhesabia wanaume mbele ya kwaya!

"Njo hivyo unanifikiria? Basi fikiria hivyo hivyo!"

Akakata, akazima. Alipofika mezani akaweka kidole, mashine ikakisoma, na jioni ile mama yake akala.

Kesho yake asubuhi Kirezi alikwenda Area 23, kitenge cha kijani, kilemba kimefungwa juu kama cha sikukuu, kwa kuwa hakutaka kufukuzwa akionekana mnyonge. Mashine zote zikanyamaza. Lucien alikuwa kwenye meza ya kukatia, macho mekundu, chaki mkononi.

"Sikuja kulia," Kirezi alisema. "Nimekuja kuchukua mukasi yangu."

"Mugonjwa amepona!" Maman Antoinette alipiga makofi. "Uji wangu niliumwaga, unajua? Bantu bazima tunaombea kitanda!"

"Nilikuwa Dzaleka!" Sauti ya Kirezi ilipasuka. "Kwenye mustari! Kidole changu njo kinalisha mama yangu. Ulitaka nikikate nikitume na kabaza? Na wewe, Maman, miaka ile minane, si ulisimama kwenye mustari ule ule? Leo jina lake tu linakuchafua mudomo!"

Lucien aliiacha chaki ikaanguka. Dzaleka! Si mwanaume, ni Dzaleka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Maman Antoinette akamgeukia. "Na wewe, Lucien? Ulijua?"

"Nilijua, Maman. Mi njo nilimwambia aseme ni malaria."

Na mkono wake ukapanda, ukashika sikio.

"Shusha mukono, muongo wee!" Maman Antoinette alifoka. "Wewe rudi kwa kazi. Binti huyu, atoke!"

Kirezi alinyakua mkasi mezani, akatoka bila kuangalia nyuma, akaenda kusimama kituoni. Alikuwa na hasira na Antoinette, na jua, na yule mjinga wa sikio. Anajua hawezi kudanganya, anajaribu leo, na anadanganya vibaya hivyo! Basi la kwanza likapita. La pili likapita. Simu ikalia.

"Uko wapi?" Lucien aliuliza.

Alitaka kusema yuko mbali, ameshafika, asimtafute. Ulimi ukakataa.

"Niko hapa kwa kituo. Basi mbili zimepita, sijapanda. Na usiweke haut-parleur."

"Niko peke yangu. Niliacha futi kwa meza, nikatoka."

"Umeacha kazi? We Lucien, una kichwa? Nani alikutuma?"

"Nilikuuliza swali la kijinga mbele ya bantu, Kirezi. Nisamehe. Ungeniambia tu."

"Ungeshika sikio!"

"Ningelishika, ndiyo. Lakini ningesimama na wewe kwenye mustari." Alikohoa. "Sikia. Tuoane, tuandikwe karatasi moja na mama. Kidole chako na changu. Mwezi mumoja unaenda we, mwezi mwingine naenda mi."

"Unanioa juu ya kidole?"

"Nakuoa juu ya huo mudomo wako. Kidole ni nyongeza."

Kirezi aliuma midomo asicheke. Akamwona sasa, ng'ambo ya barabara, shati jeupe, simu sikioni, haoni hata magari. Mara kwenye simu ukaingia mlio wa pili.

"Ngoja. Maman Antoinette ananipigia."

"Utamwambia nini?"

"Ukweli. Nimechoka kugonjwa."

Akapokea, akaongea haraka kabla moyo haujarudi nyuma: "Maman, kila mwezi, siku moja, kati yangu na Lucien mumoja hatakuja. Hatakuwa mugonjwa. Atakuwa Dzaleka. Ukitaka, ni hivyo. Usipotaka, zikomo, asante, tunaenda."

Kwenye simu hakuna mashine hata moja iliyokuwa ikilia.

"Mukasi uliobeba ni wangu," Maman Antoinette alisema, bado kwa hasira. "Wako uko hapa kwa meza. Rudisha sasa hivi. Na uje na huyo muongo wako, sketi za shule hazijikati. Ile siku ya mugao... mutaniambia mapema."

Kirezi akautazama mkasi. Kweli, haukuwa wake. Akavuka barabara.

"Amesema nini?" Lucien aliuliza.

"Amesema sisi ni bezi ba mukasi. Twende tukarudishe." Akamtia mkasi mkononi, na mkono wake akauacha humo humo. "Na kuniomba, uniombe upya kwa mama, na heshima. Na ubebe unga."