Mwonjaji wa Ihanda

Glasi ilipungua kidole kimoja kabla mgeni hajaigusa. Jenista aliona, akajikausha. Wageni kumi kutoka Tunduma na Nakonde walikuwa ndani ya kiwanda chake kidogo pale Ihanda, wakitazama mtambo ukikeneka pombe ya ndizi, na mwenyeji hatoi macho mbele ya watu.

Kiwanda aliachiwa na marehemu mumewe. Ndicho kilichowalea yeye na bintiye Faith. Lakini Jenista alikuwa ameokoka, pombe haigusi, na desturi ya huku ni mwenye nyumba kuonja kwanza ili wageni wajue hakuna sumu. Basi yeye aliipeleka glasi mdomoni, midomo kaifumba, akajifanya amemeza. Mwaka mzima aliwahadaa watu hivyo, bila haya.

"Samahani mama," Rabson, dereva wa malori, alimnong'oneza siku ile. "Yule mzee anayetuonjea ni nani?"

"Mzee gani?"

"Huyo nyuma yako."

Nyuma yake palikuwa na ukuta, na harufu ya nywele zilizoungua.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Jenista wageni aliwapata, kupona ndiko hakukuona. Mchana kweupe alisikia mtu akimeza kando ya mtambo, polepole, na wateja wake wa zamani wakaanza kumpita bila salamu, wakaenda kuinamia kona tupu.

Akamwita mganga, Mzee Andongwisye. Mzee alinusa glasi moja, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Kiti cha mwenyeji hakikai wazi, mwanangu. Umekiacha, jini kakikalia. Onja mbele ya wageni, umeze kweli. Ukishindwa, nyumba ni yake na vyote vilivyomo."

Jenista aliogopa sana. Aliomba toba kabla ya kosa, kisha Ijumaa, wageni wakiwa wamejaa, akainua glasi, akaimimina yote kinywani, akameza, akasubiri ule moto ushuke kooni, akasubiri tena, ikashuka hewa tupu, na nyuma ya shingo yake mtu akacheua.

"Asante, mwenye nyumba," wageni wakaiambia kona.

Faith akaingia na sare ya shule. Akapiga goti kwenye ile kona.

"Shikamoo baba."

Kisha akamgeukia Jenista kwa adabu zote alizofundishwa, akamvutia benchi la wageni.

"Shikamoo mama. Karibu ukae. Umetokea wapi?"