Bunda Aliloshika Ndambiri

"Hiyo miraa umeshika umetoa wapi?"

Kiende alituma ujumbe huo akiwa nyuma ya pazia la jukwaa. Bwalo la shule lilikuwa limejaa pomoni. Vijana wa kidato cha nne walikuwa wamechagua "Enzi za Mababu" iwe mada ya prom yao ya kuhitimu, wakaja na leso, shanga na makoti ya babu zao yanayonuka sanduku. Saa nane hiyo ya mchana walingoja jambo moja tu, mgeni wa heshima apewe zawadi. Mgeni mwenyewe ni Mzee Mithika, mkulima wa miraa na mwenyekiti wa wazazi. Ndiye pia baba yake Mwalimu Kiende.

Mlangoni, upande wa pili, Ndambiri, mwalimu wa useremala, alichungulia simu yake.

"Sokoni Maua. Si ni ya mgeni? Mbona?"

Kiende aliliangalia tena lile bunda la miraa mikononi mwake. Lilikuwa limefungwa kwa majani mabichi ya mgomba na kukazwa kwa kamba ya mgomba, nadhifu kama mtoto mchanga. Kwao Igembe bunda la namna hiyo halipelekwi kwa salamu. Ni la kuposa. Baba wa msichana akilifungua, amekubali mazungumzo. Akilirudisha lilivyo, kijana aliyelileta hakanyagi tena boma lile.

Na hao wawili walikuwa wakipendana kwa siri mwaka mzima. Walisubiri Krismasi ipite ndipo shangazi atumwe kumlainisha mzee, ambaye alishasema wazi kwamba mkwe kutoka ng'ambo ya mto Thuci, huko Embu kwa kina Ndambiri, hamtaki. Kiende akapiga simu.

"Ndambiri, huyo mama wa miraa ulimwambia nini?"

"Aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mzee, baba ya msichana rafiki yangu, afunge ya heshima. Akacheka, akaniambia nirudi baada ya siku mbili. Kwani kuna shida?"

"Umebeba posa."

"Nimebeba nini?"

"Posa. Unaniposa mbele ya shule nzima, na Baba hajui hata kama tunapendana."

"Ngai. Kiende, mimi sikujua. Kwetu Karurumo miraa yetu, muguka, ni majani tu, unanunua kwa mfuko unaenda zako. Mambo ya kufunga nitajulia wapi? Wacha niirudishe kwa gari."

"Ameshaiona."

Kweli alikuwa ameiona. Mzee Mithika alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, shingo ameinyoosha.

"Nikirudi nayo?" Ndambiri alinong'ona.

"Ukirudi nayo watasema umefika mlangoni ukanikataa."

"Na nikimpa?"

"Akikataa, tumekwisha. Ninaogopa, Ndambiri. Ninaogopa sana."

"Hata mimi."

Jukwaani Karwirwa, kiranja mkuu, hakuwa na habari. Akatangaza kwa furaha, "Sasa tunamwomba Mwalimu Ndambiri amkabidhi mgeni wetu zawadi ya kiasili!"

Simu ikakatika. Kiende akamwona mpenzi wake akifuta jasho kwa mkono wa koti, kisha akaanza kutembea. Wanafunzi wakapiga makofi. Akina mama waliokaa mbele wakaanza nao, halafu wakaliona bunda, wakaacha mmoja baada ya mwingine. Mwalimu mkuu, aliyeruhusu miraa kwa shingo upande ili mradi wanafunzi wasiiguse, alibaki akitabasamu peke yake.

Mzee Mithika alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza. Akalinusa. Akachungulia vijiti vilivyochomoza juu, akavishika kimoja kimoja, na uso wake ukabadilika.

"Hii umenunua kwa nani?"

"Kwa Mama Ciakuthii, Mzee. Nimechukua leo asubuhi."

"Wewe ni wa wapi?"

"Embu, Mzee. Karurumo."

"Na unajua umenipa nini?"

Ndambiri alimeza mate. "Nikinunua sikujua. Nimeambiwa sasa hivi nikiwa pale mlangoni. Lakini nimekuja nikijua."

"Ni msichana gani?"

Kiende hakungoja Ndambiri ajibu. Alitoka nyuma ya pazia, akashuka ngazi, akasimama kando ya Ndambiri.

"Ni mimi, Baba."

Mzee aliwatazama kwa zamu, muda mrefu, mpaka Kiende akaona bora angezabwa kofi yaishe.

"Ciakuthii huuza miraa ya shamba langu. Alinipigia juzi," mzee akasema taratibu. "Akaniambia kuna kijana wa watu anaenda kuposa na hana mzee wa kumwongoza, nimkatie kwa miti ya zamani. Nikapanda mwenyewe, na hii miguu yangu. Hii ni miraa ya mti wa babu yangu, naijua. Nilikata, nikashuka, nikaiombea."

"Uliomba nini, Baba?" Sauti ya Kiende ilikuwa ndogo.

Mzee akakohoa. Ilionekana hataki kujibu, ila akina mama wa mbele walikuwa wamemkazia macho, na yeye ni mzee wa kanisa.

"Nilisema, Mungu, huyo mzee atakayepelekewa hii, mtoe moyo wa mawe."

Mama mmoja akacheka, akaziba mdomo kwa leso. Mzee Mithika akaketi, akaliweka bunda magotini, na vidole vyake vizee vikaanza kutafuta fundo. Lilikuwa limekazwa sana. Alihangaika nalo huku akinung'unika kuhusu Ciakuthii na kamba zake, na Kiende alilia waziwazi bila kuwaonea haya wanafunzi.

Fundo likaachia.

"Mambo ya mbuzi wa mahari ni nyumbani," mzee akasema bila kuinua macho. "Hapa ni shule. Kijana, vuta kiti."