Mimba Niliyopewa Uwanja wa Ndege

"Madam, wewe hupandi hii ndege."

Nilidhani anaongea na mtu aliye nyuma yangu. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

"Mimi?"

"Wewe. Mimba ikishafika miezi minane tunataka barua ya daktari. Unayo?"

Wasomaji wangu... mimi sikuwa na mimba. Mimi nina mwili. Mama yangu ana mwili, shangazi zangu wana mwili, na kwetu Uriri hakuna aliyewahi kutudai barua kwa sababu hiyo.

"Mimba gani, dada?"

"Rafiki yako ametuambia. Anasema unaona haya kusema, lakini yeye anakuhofia."

Nikamtafuta Emmah kwa macho. Alikuwa ameshapita upande wa pili wa kioo, begi mkononi, amevaa miwani yangu ya jua. Yangu! Macho yetu yalipokutana, akanipungia mkono polepole.

Kama hujawahi kupanda hizi ndege ndogo za kwenda kwetu, acha nikwambie. Hawapimi mzigo peke yake. Wewe mwenyewe unapandishwa kwenye mizani na begi lako, watu wakiangalia. Nilikuwa nimeshavumilia hiyo aibu. Sasa nikaongezewa mimba juu.

"Sina mimba," nikasema.

"Wengi husema hivyo, madam. Nenda kliniki pale nje upimwe, uniletee karatasi."

Nikaenda. Nikapewa kikopo. Nikangoja majibu nikisikia ile ndege inanguruma, inakimbia, inapaa... na Emmah ndani. Nikarudi na karatasi yangu ya kutokuwa na mimba. Yule dada akaisoma, akaniomba msamaha, akanihamishia ndege ya mchana.

"Inatua Migori kwanza, halafu Homa Bay," akasema.

Nikaketi pale. Nikanunua soda, nikaiacha bila kuifungua.

Sasa nikueleze kwa nini Emmah alinifanyia hivyo. Mimi, Emmah na Linet tulisoma darasa moja, tukilala kitanda kimoja cha ghorofa na kuibiana sukari. Linet ana gesti nzuri sana Sindo, pale ufuoni. Bwanake yuko Kanada na alikuwa anamfuata. Wiki hiyo alitupigia simu.

"Njooni Ijumaa nyote wawili. Kuna kazi nataka tuongee kabla niondoke."

Hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi Nairobi ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nalala kwenye sofa ya Emmah, na Emmah naye alikuwa ameanza kuhesabu mkate ninaokula. Hiyo kazi ya Sindo kwangu ilikuwa ndiyo kula na kulala.

Na Linet ni Msabato, yule wa kweli. Ijumaa jua likizama, habari ya biashara imekwisha. Utaimba, utasali, utakula, lakini kazi hutaitaja. Na Jumamosi jua likizama tu alikuwa anaondoka kwenda Kisumu kuanza safari ya Kanada. Mimi Mkatoliki, hilo halikunipita akilini. Emmah ni Msabato kama Linet. Yeye alilijua, na alilipigia hesabu... kwamba nikichelewa hadi jua lizame, nimekwisha.

Basi nikachukua simu. Sikumpigia Emmah. Sikumpigia Linet pia, maana Ijumaa ni siku yao ya maandalio. Akishaanza kufua na kupika vya Sabato, simu yake hulala kwenye droo.

Nilimpigia Mokua, dereva wa Linet, aliyetumwa kutuchukua Homa Bay.

"Mokua, ni Filister. Mimi niko ndege inayofuata. Utaningoja?"

"Nitangoja, madam. Linet aliniambia nilete watu wawili. Nikifika na mmoja nitasema nini?"

"Na Emmah akiharakisha?"

"Gari ni langu kuendesha, madam. Yeye ni wa kukaa."

Huyo ndiye Mokua. Ukimpa neno, analishika.

Ndege ya mchana nayo ikachelewa. Mara tunangoja rubani, mara tunangoja mafuta, mara tunaambiwa tutoke nje ili begi moja litafutwe. Ilipotua Migori nilikuwa nimeiva kwa hasira. Abiria wa Migori wakashuka. Sisi wa Homa Bay tukakaa. Rubani akageuka.

"Homa Bay kunanyesha vibaya. Tutakaa hapa mpaka itulie."

"Itatulia lini?" nikauliza.

"Hiyo muulize Mungu."

Nikachungulia dirishani. Migori jua lilikuwa linawaka. Hapo ndipo akili ikanijia, tena akili mbaya, nakiri niliifurahia. Kutoka Migori mtu hahitaji kupitia Homa Bay kwenda Sindo. Unashika barabara ya Karungu, unapita Magunga, unaingia Sindo kwa mlango wa nyuma. Mtoto wa Uriri anaijua. Emmah wa Nairobi hana habari nayo.

Nikachukua begi, nikashuka.

Nikiwa natafuta teksi, simu ikalia. Emmah.

"Fili, uko wapi? Huyu dereva amekataa kuondoka. Kunanyesha, nimeloa, na mizigo yangu yote ameifungia kwa gari lake."

"Pole, mpenzi. Niko Migori. Ndege inangoja mvua ipungue, halafu inakuja huko."

Sikusema uongo hata kidogo. Ndege ilikuwa inakwenda huko. Mimi tu ndiye sikuwa ndani.

"Mwambie Mokua anipeleke mbele basi."

"Nitakuachaje, na wewe unavyonihofia?"

Nikakata simu.

Ile safari ya teksi, jamani, niliimba. Nyimbo za kanisa, za harusi, hata zile za kubembeleza watoto. Dereva wangu, mzee Magige, aliniangalia kwa kioo, akaongeza mwendo.

Nikaingia Sindo jua bado liko juu ya ziwa, nikampigia Mokua amlete Emmah. Linet alikuwa anaanua nguo. Aliponiona, kikapu kikamtoka mkononi.

"Filister? Si umezuiwa kusafiri?"

"Na nani?"

"Emmah alinitumia ujumbe asubuhi. Ati una mimba kubwa, ndege imekukataa, na hata hiyo kazi huiwezi."

Nikasimama kando nijionyeshe vizuri.

"Mimba iko wapi, nyaminwa, dada yangu?"

Linet akanitazama juu mpaka chini. Akaanza kucheka, akashika kamba ya nguo asianguke.

"Hilo tumbo ni lile la shule," akasema. "Nalijua."

Nikampa karatasi ya kliniki. Akaisoma, na kicheko kikamwisha. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Fili, unajua nilikuwa nimeamua nini?"

"Sema."

"Kazi ni mbili. Hii gesti ya Sindo nilikuwa nakupa wewe. Lakini nimejenga nyingine Homa Bay mjini, ya ghorofa, inafunguliwa mwezi ujao. Hiyo ilikuwa ya Emmah."

Nikaketi kando yake kwenye ngazi.

Wasomaji, mmeisikia hiyo? Alikuwa ameshawekewa yake... tena kubwa kuliko yangu!

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa mtu wa kunidanganya siwezi kumwachia nyumba na mimi niko ng'ambo. Utasimamia zote mbili. Wa Homa Bay umtafute wewe. Ukimtaka Emmah, mpe. Ukimkataa, sitauliza."

Tukaandikiana palepale mezani, mamake Linet akiwa shahidi. Tulipomaliza, jua likazama, na Linet akafungua kitabu cha nyimbo.

Gari la Mokua likaingia wimbo wa pili ukiimbwa. Emmah akashuka na viatu mkononi, nywele zimelala kwa mvua. Akaniona nimeketi karibu na Linet, nimekauka, nimeoga, nimekula.

Alifungua mdomo.

"Sabato njema," Linet akamwambia. "Habari ya kazi tuiache."

Siku nzima iliyofuata Emmah aliimba, alisali, alimbebea mamake Linet Biblia hadi kanisani. Alidhani habari imeahirishwa tu, kwamba nafasi bado ipo. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye benchi, namwangalia shingo, na sitadanganya... usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala usingizi mtamu.

Jumamosi jua likazama. Linet akatukumbatia, akaingia garini, akamwambia Emmah maneno machache tu.

"Mambo ya kazi muulize Filister."

Gari likaondoka. Tukabaki wawili uani. Emmah akavua miwani yangu, akaipangusa kwa gauni lake, akanipa kwa mikono miwili.

"Fili... ile ya Homa Bay. Mamake Linet ameniambia haina mtu."

"Haina."

"Mimi nilikosea. Niliogopa kwamba kazi ni moja."

"Hukuuliza."

"Si sisi ni marafiki?"

Nikamtazama. Nilitafuta huruma ndani yangu, kweli niliitafuta. Nikapata ile sofa yake, na mkate aliokuwa akinihesabia, na ule mkono akinipungia nyuma ya kioo.

Wewe unayesoma hapa na una mwenzako mnayekimbia naye jambo moja, kabla hujamtega mguu, uliza kwanza viti ni vingapi. Huenda chako kilikuwa kimeshafutwa vumbi, kinakungoja.

Emmah alikuwa mgeni wetu, na mgeni hafukuzwi. Nikamwambia aingie ndani kuna baridi.

Uji nilimpa. Kazi sikumpa.