Kisima cha Mahame

Kila alfajiri Paskazia na bibi yake, Marcelina, walipita porini na ndoo zao hadi kwenye mahame, makazi yao ya zamani walikohamishwa ili waingie kijiji cha ujamaa. Kurudi kule kulikatazwa. Lakini pampu ya kijijini ilitoa maji kidogo, tena ya chumvi. Kisima cha mahame, walikokunywa maji wapagazi wa misafara ya kale, kilikuwa na maji matamu, na karibu kila nyumba ilichota kule kwa siri. Bi Mwanne, jirani yao, alikuwa akimsaidia bibi kujitwisha ndoo, kisha kila mmoja akishika njia yake.

Siku moja Ndugu Yahaya, afisa kutoka mjini, aliitisha mkutano. Alieleza kuwa mapipa mabovu ya sumu ya kuulia wadudu wa tumbaku yangezikwa kwenye shimo refu, mbali na watu na maji, kwa sababu sumu ile ingebaki ardhini hata baada ya wajukuu zao. Alifikiria kuyazika kule mahame, akauliza kwanza. Je, kuna mtu anayekwenda kule?

Mzee Wenceslaus, mwenyekiti, alitazama chini. "Hakuna, ndugu. Kisima kilishakauka. Wamebaki nyani tu."

Watu wakacheka kidogo. Asubuhi ile ile Paskazia alikuwa amemwona mwenyekiti kisimani. Alifungua kinywa, bibi akamfinya mkono.

Shimo likachimbwa kule mahame, mapipa yakafukiwa. Mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi Paskazia alipomwona bibi akichukua ndoo, alikimbia hadi kwenye gari la afisa.

"Shikamoo. Maji ya kule tunayanywa. Wote."

Ndugu Yahaya alishuka garini. Hakumuuliza jina la mtu yeyote. Alimpa maji ya chupa yake, kisha akaita vibarua. Mapipa yalifukuliwa yakapelekwa kwenye mlima mkavu wa mawe, lakini mengine yalikuwa yamekwisha kupasuka. Kisima kikajazwa mawe na miiba. Bi Mwanne alisimama pale akilia.

Jioni, kwenye foleni ndefu ya pampu, Mzee Wenceslaus aliondoa ndoo yake mbele, akaweka ya Marcelina.

"Bibi, nimechelewa?" Paskazia aliuliza.

"Umechelewa, mjukuu wangu. Nami ndiye niliyekufinya." Bibi alimshika mkono palepale alipomfinya. "Tuliulizwa swali moja tu, tukaogopa kukemewa kuliko sumu. Ukijua ukweli unaohusu uhai wa watu, useme siku ile ile, hata kama sisi wakubwa tumenyamaza."

Pampu ikakohoa. Maji ya chumvi yakaanza kutiririka.