Baba Juu na Mtihani wa Miti

Watu wa mtaa walimwita Baba Juu. Ukimtafuta mchana, ilibidi uinue macho. Alikuwa juu ya mti, amejifunga mkanda na kamba, msumeno wa mashine unanguruma mkononi. Kazi yake ilikuwa kupunguza matawi na kuangusha miti inayotishia nyumba za watu. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Hakuwahi kuanguka hata siku moja, na hilo alipenda sana kulisema.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, mbele ya nyumba yao. Jioni mumewe aliporudi na unga wa mbao kichwani, alimpigia kelele kabla hajafika mlangoni.

"Simama hapo hapo! Usiniletee msitu kwenye vitambaa vya watu."

Baba Juu alijikung'uta nje, akaoga, wakala. Ndivyo siku zilivyokwenda.

Kisha halmashauri ya mji ikatoa tangazo. Kuanzia mwaka unaofuata, miti ya barabarani, shuleni na hospitalini ingekatwa na watu wenye cheti cha utaalamu wa miti tu. Cheti kilipatikana kwa mtihani: maswali mia moja ya kuandika, halafu vitendo. Kila aliyejiandikisha alipewa kitabu cha kusomea.

Baba Juu alikipima kitabu mkononi kama anayepima tofali. Akakiweka juu ya kabati.

"Husomi?" mke wake aliuliza.

"Nisome nini? Kitabu hicho kimeandikwa na watu wanaotazama miti kutoka dirishani. Mimi nalala nayo, naamka nayo."

"Unalala na mimi," mke wake akamkumbusha. "Lakini haya, wewe ndiye unayejua."

Siku ya mtihani alikwenda na kalamu moja mfukoni. Alimaliza mapema, akatoka kifua mbele.

Matokeo yalikuja kwa barua. Ili kufaulu zilihitajika alama sabini. Baba Juu alipata arobaini na moja.

Aliificha barua kwenye begi la vifaa kwa siku nne. Alikula kidogo, akalala mapema. Siku ya tano mke wake alisimamisha cherehani na kumtazama.

"Baba Juu, sema. Una ugonjwa gani moyoni?"

Akampa barua. Mke wake aliisoma mara mbili.

"Usinicheke," alisema Baba Juu.

"Nimecheka?"

Hakucheka. Wote wawili walijua maana yake. Zaidi ya nusu ya kazi zake zilikuwa za shule na barabara. Bila cheti angebaki kupunguza maua ya uani.

"Nina nafasi ya kurudia baada ya miezi minne," alisema. "Lakini kichwa changu si cha vitabu. Nimezeeka."

"Ngoja nimwite Mama Breki," mke wake akajibu.

Mama Breki alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja. Alifundisha watu kuendesha magari. Jina hilo alilipata kwa sababu mguu wake wa kulia haukutulia. Hata akiwa amekaa kwenye kiti barazani, akiona mtu anacheza na moto au kisu, alikanyaga sakafu ghafla kama anayefunga breki.

Alikuja, akakaa, akaisoma ile barua.

"Shemeji, ugonjwa huu naujua," alisema. "Kila mwezi naletewa watu walioendesha malori miaka kumi. Gari wanalijua kama mfuko wa shati. Wakikaa kwenye mtihani wa alama za barabarani, chali!"

"Kwa nini?"

"Wanajibu wanachokifanya kila siku. Hawajibu walichoulizwa. Hebu nitajie swali moja unalolikumbuka."

Baba Juu alikuna kichwa. "Lilisema, unapokata tawi kubwa, yote haya ni sahihi isipokuwa lipi. Nikaona jibu la kwanza ni sahihi kabisa. Nikalichagua."

Mguu wa Mama Breki ukakanyaga sakafu. "Isipokuwa! Shemeji, waliuliza lililo kosa. Hukuliona neno isipokuwa?"

Baba Juu alijipiga paji la uso. Halafu akasema polepole, "Nililiona. Nililipita tu."

"Basi tatizo si uzee. Soma swali mpaka nukta. Piga mstari chini ya maneno kama hayo. Hiyo ni alama kumi hivi, bila hata kufungua kitabu. Na zile nyingine tutazitafuta."

"Nitasoma usiku nikitoka kazini."

"Hapana. Ukitoka kazini mwili umechoka, utasoma ukurasa mmoja na kuukoromea. Amka nusu saa kabla ya muda wako. Soma kipande kidogo. Kisha funga kitabu, umweleze mtu kwa maneno yako. Ukishindwa kueleza, hujaelewa, hata kama macho yamepita juu ya maandishi yote."

"Nimweleze nani?"

Mama Breki alielekeza kidevu kwa mke wake. "Huyu hapa. Ana masikio mawili na mikono yake ina kazi."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Alfajiri Baba Juu alisoma mezani, kidole kikifuata mistari. Kulipokucha, mke wake aliketi kwenye cherehani, naye Baba Juu akaanza kumweleza. Alieleza jinsi majani yanavyotengeneza chakula kwa jua. Alieleza jinsi mizizi mingi inavyolala karibu na uso wa udongo na kuenea mbali kuliko matawi. Cherehani ilipoendelea kukimbia, alijua anaeleweka. Iliposimama, alijua amechanganya.

"Rudia hapo," mke wake alisema. "Umesema mizizi inapumua. Inapumuaje ardhini?"

"Udongo una vinafasi vya hewa. Watu wakiegesha magari chini ya mti kila siku, udongo unashindiliwa, hewa inakwisha."

"Sasa nimeelewa." Cherehani ikakimbia tena.

Maswali ya mazoezi ya kitabuni aliyoyakosa aliyaandika kwenye daftari. Baada ya siku tatu alijaribu tena bila kutazama majibu. Mwanzoni daftari lilijaa haraka mpaka akaona aibu. Mama Breki alimwambia daftari hilo ndilo kitabu chake cha kweli, kwa kuwa lina yale tu asiyoyajua.

Wiki ya sita alifika kwenye sura ya kukata matawi. Hapo akakasirika.

"Tazama uongo huu!" alisema. "Wanasema tawi lisikatwe likalingana na shina. Eti kuna uvimbe pale tawi linapoungana na shina, uachwe. Na eti kidonda kisipakwe rangi. Mimi nimekata laini na kupaka rangi miaka kumi na tisa!"

Mke wake aliomba kuona picha. Aliitazama kwa muda.

"Hii ni kola," alisema. "Kama ya shati. Nikitaka kutoa kitambaa cha ziada shingoni, nakata nje ya kola. Nikiikata kola yenyewe, nguo imeharibika. Kitabu kinasema uvimbe huo una kazi gani?"

Baba Juu alisoma tena, safari hii bila hasira. "Mti hauponi kama ngozi yetu. Sehemu iliyokufa haifufuki. Mti unaizungushia ukuta kwa ndani, halafu unaifunika kwa mbao mpya. Mbao hizo zinaanzia kwenye huo uvimbe. Ukiukata, kidonda kinakuwa kikubwa na hakina cha kukifunika. Rangi inafunika macho ya watu tu. Ndani kunaoza."

"Miti uliyoikata si ipo?" mke wake aliuliza. "Nenda kaitazame."

Jumamosi alikwenda kwenye kliniki ya mama na mtoto. Uani palikuwa na mti mkubwa wa kivuli. Miaka sita nyuma aliukata matawi mawili mazito, laini kabisa, akapaka rangi nyeusi. Watu wote walimsifu siku ile.

Aliegemeza ngazi, akapanda. Rangi ilikuwa imepasuka. Aliingiza vidole kwenye ufa. Vikaingia. Akaingiza kiganja. Mkono ukazama mpaka kwenye kifundo cha mkono, ukatoka na unga mweusi wenye unyevu.

Alitazama chini. Kulikuwa na benchi refu. Akina mama sita walikuwa wamekaa na watoto mapajani, wakingoja kuitwa.

Baba Juu alishuka. Angeweza kuondoka. Hakuna aliyejua chochote. Alisimama kidogo na ngazi mkononi, kisha akaenda kwa muuguzi mkuu.

"Dada, naomba benchi lile lihamishwe sasa hivi," alisema. "Mti umeoza ndani. Niliukata mimi, na nilikosea."

Benchi lilihamishwa. Muuguzi aliipigia simu halmashauri. Jumatatu alikuja mkaguzi wa miti, mwanamke mfupi mwenye kofia ngumu na nyundo ya mpira. Alizunguka shina akiligonga na kusikiliza.

"Sikia hapa," alimwambia Baba Juu. "Ko, ko. Mbao nzima. Sasa hapa. Bu, bu. Pana uwazi."

"Tuuangushe?"

"Wewe ungefanyaje?"

"Zamani ningeuangusha. Sasa sijui. Mizizi inaonekana mizima na mti haujainama."

Mkaguzi alitabasamu. "Kusema sijui ni mwanzo mzuri. Chini shina ni imara. Tutapunguza uzito wa matawi ya upande ule, kidogo kidogo, kwa miaka miwili. Benchi libaki kule lilikohamia. Mti tutaukagua kila baada ya miezi sita."

Alimruhusu Baba Juu asimame na kutazama. Mkaguzi alipanda akiwa amejifunga mara mbili, kwa kamba na kwa mkanda wa pembeni.

"Kamba moja haitoshi?" Baba Juu aliuliza kutoka chini.

"Msumeno ukiikata ile moja, utabaki umeshikwa na nini?"

Baba Juu alitoa daftari, akaandika. Kisha akatazama jinsi mkaguzi anavyokata. Kwanza alikata kidogo kwa chini, mbali na shina, ili tawi lisichane gome likianguka. Halafu akakata kwa juu, mbele kidogo ya hapo. Tawi likaanguka safi. Mwisho akatoa kisiki kilichobaki, nje tu ya kola.

Jioni ile alisukuma sahani pembeni.

"Unajua kinachoniuma?" alimwambia mkewe. "Watu walinisifu. Wangenitukana, ningejifunza mapema."

"Umejifunza sasa," mke wake alisema. "Kula."

Siku ya kurudia mtihani Mama Breki alimpa penseli mbili na neno moja: "Taratibu." Baba Juu alisoma kila swali mpaka nukta. Alipofika penye swali asilolijua, aliliruka akalirudia baadaye. Alitoka wa mwisho ukumbini. Kwenye vitendo alijifunga mara mbili kabla hata hajaambiwa.

Alipata alama themanini na tatu. Mke wake alipiga kigelegele mpaka wateja wake wakadhani nguo zimekamilika. Mama Breki alikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili.

Mwezi uliofuata halmashauri ilimpa kazi ya kutunza miti ya shule tatu. Lakini Baba Juu alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa. Aliorodhesha kila mti aliowahi kuukata na kuupaka rangi. Jumamosi mchana yeye na mke wake waliizungukia, mmoja baada ya mwingine. Mingi ilikuwa mizima. Michache ilihitaji kukaguliwa, naye akawaambia wenyewe bila kuficha.

Jumamosi moja walisimama nje ya nyumba yenye ua wa mabati. Mwenye nyumba mpya, mama wa makamo, alifungua geti kidogo na kuchungulia. Baba Juu alikuwa akitazama kovu jeusi la mti uliochomoza juu ya ua.

"Na wewe unaushangaa?" mama yule aliuliza. "Sijui ni mjinga gani aliyeukata hivi."

Mke wa Baba Juu alitazama viatu vyake.

"Ni mimi, mama," alisema Baba Juu. "Miaka mitano iliyopita. Wakati ule sikujua. Sasa nimesoma, na nimekuja kuutazama."

Mama yule alimkagua kuanzia kofia mpaka buti. Kisha akalisukuma geti mpaka mwisho.

"Basi piteni," alisema. "Mti mwingine uliokatwa hivi uko nyuma ya nyumba."